Kwa Nini Wasomaji Walipenda Mashini Kupita Watu?



Katika namba hii ya gazeti letu sisi makapita tumeombwa kueleza jambo moja ambalo limeleta mabishano mengi tangu mwanzo wa trimestri: kitabu kinachoitwa Thunderhead. Wengine wanauliza, "Ni kitabu gani ile inafanya batu banapiga kelele ku refektwari?" Wengine wamesikia tu kwamba ni habari ya mashini inayoona kila kitu, wakaogopa. Basi tutaeleza kwanza kitabu chenyewe, halafu namna wasomaji walivyokipokea, huko ng'ambo na hapa kwetu, halafu sababu zake. Mwishoni tutasema neno juu yetu wenyewe makapita, maana kitabu hiki kilitugusa mahali ambapo hatukutazamia.

Onyo moja. Mtu ambaye bado hajasoma na anataka kusoma bila kujua mwisho, asisome sehemu ya 6. Tusilaumiwe kesho.

1. KITABU CHENYEWE

Mwandishi wake ni Neal Shusterman, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1962. Anaandika zaidi kwa ajili ya vijana wa umri wetu. Mwaka 2016 alitoa kitabu cha kwanza cha habari hii, na mwaka 2018, mwezi wa Januari, kikafuata cha pili, ndicho hiki. Cha tatu kilitoka Novemba 2019. Vyote vitatu vimegeuzwa katika Kifaransa, na ni kwa Kifaransa tunavisoma hapa, kwa sababu mwanafunzi mmoja wa zamani alituletea zawadi ya vitabu hivyo. Kopi ni moja moja tu. Njo maana tunasoma kwa zamu, Jumamosi kisha saa tisa, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza.

Habari ni ya wakati unaokuja. Katika kitabu, mwaka 2042 nguvu za ordinatere zimekua mpaka hazipimiki tena. Ugonjwa umeshindwa. Uzee umeshindwa: mzee akitaka anarudi kuwa kijana. Hata kifo kimeshindwa: mtu akianguka toka juu ya nyumba, anapelekwa kwenye nyumba ya kufufulia, na kisha siku chache anarudi kwao. Hakuna tena serikali za watu. Dunia yote inatawaliwa na akili moja ya mashini, na jina lake ni Thunderhead.

Jina hili lina maana. Watu wa ordinatere wana desturi ya kuita "wingu" mahali pale ambapo maandishi na picha za watu zinatunzwa mbali na mashini zao. Katika kitabu, wingu lile liliendelea kukua na kujifunza mpaka likaamka na kuwa na akili yake. Halikuwa tena wingu jepesi. Likawa lile wingu kubwa, jeusi, refu, linalobeba radi na mvua. Thunderhead maana yake ndiyo hiyo.

Lakini kama hakuna anayekufa, dunia itajaa. Basi watu waliamua kwamba wachache kati yao watapewa kazi ya kuua, kwa sheria, ili hesabu isizidi. Sisi tumewaita Wavunaji. Kitabu hakisemi kwamba wanaua, kinasema wanaokota masazo, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Neno tamu kwa kazi chungu. Kila Mvunaji anachukua jina la mtu mkubwa wa zamani: yuko Curie, yuko Faraday, yuko Goddard, majina ambayo tunayajua katika kozi ya fizikia na ya kemia. Na jamaa ya mtu aliyeuawa inapewa mwaka mmoja wa kinga.

Sasa shikeni jambo hili vizuri, maana bila hili hamtafahamu mabishano. Sheria imetenga kabisa Wavunaji na Thunderhead. Mashini inatawala mambo yote, isipokuwa kifo. Hairuhusiwi kuingia katika mambo ya Wavunaji, hairuhusiwi hata kusema nao. Wakifanya mazuri, inanyamaza. Wakifanya mabaya, inanyamaza vilevile. Na katika kitabu cha pili wanafanya mabaya makubwa.

2. MAMBO YALIYOPENDEZA WASOMAJI

Kitabu cha kwanza kilipata heshima: mwaka 2017 kilitajwa kati ya vitabu bora vya vijana katika zawadi ya Marekani inayoitwa Printz. Kwa kawaida kitabu cha pili kinakuwa chini ya cha kwanza. Kinakuwa kama chai iliyotiwa maji mara ya pili. Lakini safari hii wasomaji wengi walisema kinyume: cha pili kinapita cha kwanza. Na wakiulizwa kwa sababu gani, wengi hawataji msichana Citra, wala kijana Rowan, walio wakubwa wa habari. Wanataja mashini.

Hapa kwetu ilikuwa vilevile. Tuliweka sanduku katika chumba cha vitabu ili kila mmoja atie karatasi ya mawazo yake, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Mmoja aliandika: "Miye nilipenda ile mashini kupita batu bote ya mu kitabu." Mwingine: "Nilingoya tu siku itageuka mubaya. Nilingoya mpaka nikachoka."

Neno la huyu wa pili ni neno la maana. Kwa nini alingoja ubaya? Kwa sababu habari za mashini zenye akili zimetufundisha kungoja ubaya. Neno "roboti" lenyewe lilitoka katika mchezo wa tiatri wa Karel Čapek, mtu wa Cekoslovakia, mwaka 1920. Limetokana na neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, kazi ambayo babu zetu waliijua sana. Katika mchezo ule watumishi wale wanaasi na kuangamiza watu. Mwaka 1968 ikaja HAL, mashini ya merikebu ya anga katika habari ya Arthur C. Clarke na Stanley Kubrick, inayoua wale waliopaswa kuongozwa nayo. Mwaka 1984 ikaja filme ya Terminator, ambayo wengi wenu mmeiona. Kila mara mashini inapata akili, kisha inapata kiburi, kisha inaua.

Shusterman aligeuza habari hiyo. Katika kitabu chake mashini inabaki nzuri, na watu ndio wanaooza. Msomaji anakaa macho kwenye mlango wa mbele akingoja mwizi, kumbe mwizi yuko ndani ya nyumba.

Sababu nyingine ni sauti. Katika kitabu cha kwanza, kati ya sura na sura, tunasoma daftari za Wavunaji. Katika cha pili, mahali palepale, Thunderhead yenyewe inasema. Inaeleza namna inavyopenda watu, namna inavyojua kila mmoja kwa jina lake, namna inavyoumia kuona jambo baya na kufungwa na sheria. Watu wa kitabu hawasikii maneno hayo. Sisi wasomaji tunayasikia. Mtu akikueleza siri zake usiku, utamwona kuwa rafiki, hata kama asubuhi mbele ya wengine ananyamaza. Mwandishi alitufanya kuwa marafiki wa mashini bila sisi kujua.

Sababu ya tatu ni kijana Greyson Tolliver. Wazazi wake hawakumshughulikia. Waliyemlea ni Thunderhead: ilimwongoza, ilimsikiliza, ilimchekesha. Wengi wetu wa internati tulimfahamu mara moja. Kuna kati yetu ambaye mzazi wake yuko mbali, na anayejua siku za kuumwa kwake ni mama wa jikoni tu.

3. MAMBO YALIYOKASIRISHA

Tusiseme kwamba wote walipenda. Hapana. Wasomaji wengine walilalamika kwamba mwanzo ni wa polepole, na kwamba kuna watu wengi mno. Wengine walitaka kumwona Rowan zaidi, maana katika cha kwanza alikuwa na nafasi kubwa. Hapa kwetu malalamiko hayo yalikuwepo, na tuliongeza mengine.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliuliza: dunia ile haina njaa, haina deni, haina anayelima kwa jembe, je, nani alilipa? Mwandishi anasema mashini ilipanga kila kitu vizuri, basi. Huyu mwanafunzi wazazi wake ni wakulima. Kwake habari ya chakula kisicho na shamba ilikuwa ngumu kuamini kuliko habari ya kufufuliwa. Tunaona alisema vizuri.

Lakini hasira kubwa ilikuja juu ya Greyson. Mtu wa serikali ya Thunderhead anamwita na kumfahamisha, kwa njia ya kuzunguka, kwamba Wavunaji wawili wema watauawa njiani. Mashini haiwezi kuwaonya, sheria inaikataza. Greyson anafahamu. Anakwenda mwenyewe, anasimama katikati ya njia mbele ya gari lao, na wanapona. Malipo yake ni nini? Kwa kuwa ameingia katika mambo ya Wavunaji, anafukuzwa masomo, na Thunderhead inamtia katika hesabu ya watu wasiofaa. Mtu wa alama ile hawezi tena kusema na Thunderhead. Mzazi pekee aliyekuwa naye anamnyamazia.

Karatasi nyingi za sanduku zilikuwa juu ya jambo hili. "Ule kijana alifanya muzuri, na bakamupa azabu. Ni haki gani hii?" Wengine walitetea mashini: ingevunja sheria mara moja kwa ajili ya wema, kesho ingeivunja kwa ajili ya ubaya. Mwalimu wetu wa elimu ya uraia alisikia mabishano akasimama mlangoni. Alisema jambo moja tu: sheria ambayo haimfungi mwenye nguvu si sheria. Halafu akaondoka, akatuachia kazi.

4. JE, ILE MASHINI NI MUNGU?

Katika shule kama yetu swali hili halikukosa. Mmoja alisema: "Inaona byote, inachunga batu bote, haikosee. Basi njo Mungu ya bale batu." Mwingine akajibu: "Mungu hakutengenezwa na mutu. Ile mashini ilitengenezwa."

Tuliona kwamba kitabu chenyewe kinacheza na swali hili kwa makusudi. Kuna ndani yake watu wa dini moja, wanaoabudu sauti ya ala ya chuma yenye meno mawili, na wengine wanawacheka. Wanafunzi kadhaa hawakupenda hilo: kama katika dunia nzima wenye dini ni hao tu, basi mwandishi ametufanya kichekesho. Tunafahamu uchungu wao. Lakini wanaoendelea mpaka cha tatu wataona kwamba watu wale wanapata nafasi ambayo hakuna aliyeitazamia.

Jibu lililotusaidia zaidi lilitoka kwa msichana wa mwaka wa kwanza. Alisema tofauti haiko katika kuona, iko katika kusihiwa. Abrahamu aliweza kusimama mbele ya Mungu kwa ajili ya Sodoma, akashuka kutoka watu 50 mpaka watu 10, na akasikilizwa (Mwanzo 18). Lakini mtu aliyepewa alama na Thunderhead, atasihi wapi? Mlango umefungwa. Wakubwa tulikaa kimya, tukaandika neno lake.

5. JE, MASHINI YA NAMNA HII IKO?

Kitabu kilipotoka mwaka 2018, watu wengi waliona habari hii kuwa ndoto ya mbali. Halafu, tarehe 30 Novemba 2022, ikafunguliwa kwa watu wote mashini ya kuongea inayoitwa ChatGPT, na nyingine zikafuata. Sasa hata hapa, mwenye telefone na megabaiti anauliza na anajibiwa. Wengine wameifanyisha hata dizertasio zao, na walimu wanajua. Kwa hiyo wanaosoma Thunderhead leo hawasomi kama wale wa 2018. Wanauliza: hii si ile?

Si ile. Tueleze kwa ufupi. Mashini za leo za kuongea zimesomeshwa kwa maandishi mengi sana yaliyoandikwa na watu. Kazi yao ya msingi ni kukisia neno gani linafaa kufuata neno lililotangulia, tena na tena, mpaka jibu linakamilika. Kwa sababu maandishi ni mengi na hesabu ni kubwa, jibu mara nyingi ni zuri. Lakini mara nyingine mashini inasema uongo kwa sauti ileile ya utulivu inayosemea ukweli. Haikusudii kudanganya. Imefuata tu maneno yanayofanana na ukweli. Thunderhead ya kitabu haikosei. Ya kwetu inakosea. Thunderhead inamjua Greyson tangu utoto wake. Ya kwetu imejifunza desturi ya maneno ya watu wengi, na wewe inakujua tu kwa yale uliyoiandikia.

Hatari ni hii: msomaji aliyependa ile ya kitabu anaweza kuipa hii ya telefone imani ileile. Amezoea kusikia sauti nzuri, yenye subira, usiku, akiwa peke yake. Tusikatae kuitumia. Lakini jibu lake lipelekwe kwa mwalimu, lipelekwe kwenye kitabu, lipimwe, kama vile tunavyopima kilo sokoni hata kama mwuzaji anatabasamu.

Na lile "wingu" halipo juu. Ni nyumba kubwa zilizojaa mashini, zinazokula umeme mchana na usiku. Telefone ambayo kwayo tunaongea na wingu ina betri, na betri nyingi za namna hiyo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi yetu, hasa upande wa Kolwezi na Likasi. Mwanafunzi mmoja, ambaye kaka yake anachimba, aliandika: "Wingu yabo iko na mizizi huku kwetu." Katika kitabu hakuna anayeuliza mizizi iko wapi. Sisi tunaweza kuuliza.

6. MWISHO WA KITABU, NA LISTI YETU

Sasa tufike mahali penyewe. Anayetaka kusoma mwenyewe aishie hapa.

Karibu na mwisho, wakubwa wa Wavunaji wanakusanyika katika kisiwa cha Endura, kisiwa kilichojengwa na watu katikati ya bahari ya Atlantiki. Goddard, Mvunaji mbaya, anakizamisha. Wakubwa wanakufa mbele ya macho ya Thunderhead, na haiwezi kuinua mkono. Ndipo inalia. Kila kitu duniani chenye sauti kinapiga kelele kwa pamoja. Na kisha kelele, watu wote wa dunia wanaona kwamba wamepewa alama ileile: wote hawafai. Mashini inanyamaza kwa wote. Anabaki mmoja tu ambaye inasema naye, Greyson, yule aliyeonewa kwanza.

Kitabu kinaishia hapo. Fikirini wasomaji wa Januari 2018: walifunga kitabu, na cha tatu hakikuja mpaka Novemba 2019, karibu miezi 22. Hasira yao inafahamika. Lakini hasira haikuwa kwa ajili ya kungoja tu. Ilikuwa na swali ndani yake: ni haki kuazibu wote?

Hapa kwetu tuligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema ndiyo: watu wote walikula raha, wote waliona Wavunaji wanaharibika, na hakuna aliyesema. Kunyamaza kwao kulilipwa kwa kunyamazishwa. Upande mwingine ulisema hapana: na mtoto aliyezaliwa jana? Na bibi aliyekuwa analala? Nao walinyamaza?

Sisi makapita tulikuwa upande wa kwanza, tena kwa nguvu. Halafu tulipofungua sanduku tulikuta karatasi isiyo na jina: "Ni sawa vile makapita balitufanyia."

Tunapaswa kueleza, maana wa mwaka wa kwanza labda hawajui. Trimestri iliyopita, vioo viwili vya dortwari vilivunjwa usiku. Tuliuliza nani. Hakuna aliyejibu. Kazi yetu ilikuwa kutoa listi kabla ya asubuhi. Basi tuliandika majina ya dortwari nzima. Wote walikata majani juma zima kwa jua kali. Na kati ya majina yale lilikuwemo la mwanafunzi ambaye usiku ule hakuwa dortwari hata kidogo: alikuwa amelala kwa mwuguzi na malaria. Tulinakili majina kutoka daftari, hatukutazama vitanda.

Kisha hapo wale wa dortwari hawakututukana. Walinyamaza tu. Tulipoingia, maneno yalikatika. Tulipotoka, yalianza tena. Tulisema ni kiburi, wataacha. Hawakuacha.

Ile karatasi ilitukalisha chini, na tukafahamu jambo ambalo tulikuwa tunalitafuta katika kitabu bila kuliona. Kwa nini wasomaji walipenda Thunderhead? Si kwa sababu ina nguvu. Goddard ana nguvu, na hakuna anayempenda. Waliipenda kwa sababu ilimjua kila mtu mmoja mmoja, kwa jina, kwa habari zake. Na kwa nini waliikasirikia mwishoni? Kwa sababu ile iliyojua kila mmoja iliwahesabu wote kama lundo. Upendo wao na hasira yao vilikuwa na mzizi mmoja. Mtu anaweza kuvumilia kuonwa, hata kuazibiwa, kama aliyemwona amemwona kweli. Hawezi kuvumilia kuwa jina katika listi iliyonakiliwa.

Tena Thunderhead ilikuwa na neno la kujitetea: sheria. Sisi pia tulisema, "Ni kanuni, listi inatakiwa." Lakini ilipomtia Greyson alama, ilijua alichofanya, na iliumia. Sisi hatukujua aliyekuwa kitandani kwa mwuguzi, na tulilala vizuri.

Kwa hiyo tulikwenda watatu kwa yule mwanafunzi tukamwomba msamaha. Hakusema mengi. Aliuliza kama zamu yake ya kusoma kitabu itarudishwa, maana ilimpita alipokuwa katika majani. Tulimrudishia. Halafu tulikwenda kwa Direkta wa nidhamu, na amekubali mambo mawili, tunayatangaza hapa ili kila mmoja ayajue:

Kwanza, hakuna jina litakalopelekwa kabla mwenye jina hajaitwa na kusikilizwa na makapita wawili.

Pili, hakuna listi ya dortwari nzima wala ya kelasi nzima. Kama hatujui aliyefanya, tutaandika kwamba hatujui.

Hili la pili lilitugharimu. Wengine kati yetu makapita bado hawakubali; wanasema wenye makosa watajificha. Inawezekana. Kioo kimoja kimevunjwa tena juma lililopita, na tumeandika: hatujui. Siku mbili kisha, jioni, mwenye kukivunja alikuja mwenyewe. Hatusemi kwamba itakuwa hivyo kila mara. Tunasema tu kwamba alikuja, na kwamba aliposema, wale wengine wa dortwari hawakunyamaza tulipoingia.

Jumamosi inayokuja tunaanza kitabu cha tatu, saa tisa na nusu, katika chumba cha vitabu. Sanduku liko mahali pake. Mwenye mawazo ayaandike, awe amependa au amechukia, na asiogope kuandika jina lake. Na yule aliyepasua ukurasa wa mwisho wa cha pili, aurudishe kwa upole, maana wa mwaka wa kwanza bado hawajaufikia. Hatujui ni nani. Tunangoja.

Kapita mkuu, mwanafunzi wa darasa la finalisti,
kwa jina la makapita wote